Anayetangulia Njiani: Kirangozi na Msafara Wake

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na wanafunzi wa kidato cha tatu katika matembezi ya siku mbili mlimani Kilimanjaro. Tulianza Jumamosi asubuhi katika lango la Marangu, tukapita msituni mpaka vibanda vya Mandara, vilivyo karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, tukalala huko. Na Jumapili tukapanda kutazama kasoko ya Maundi kabla ya kurudi. Tulikuwa na mwongozaji, mtu mzima wa pale pale Marangu, na msaidizi wake aliyetembea nyuma ya watu wote. Kabla hatujaenda saa moja, kijana mmoja mwenye miguu miepesi aliona mwendo ule ni wa kikongwe, akampita mwongozaji, akatokomea kwenye kona ya njia. Yule mzee alisimama. Msafara mzima ukasimama. Alimwita kijana, akamwambia kwa sauti ya upole, "Mwanangu, huku mimi sipitwi." Kisha akamvua kofia, akaitia mfukoni mwake, na hakumrudishia mpaka jioni tulipokwisha fika kambini.

Wanafunzi walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikumbuka habari ya mshale.

Richard Burton, Mwingereza aliyesafiri kutoka pwani mpaka ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 na 1858, aliandika kwa urefu juu ya desturi za misafara aliyoikuta njiani. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika ni kwamba hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia kiongozi wa msafara. Aliyethubutu kufanya hivyo alichomolewa mshale katika podo lake, ukawekwa uwe ushahidi, na mwisho wa mwendo mwenyewe alipaswa kuukomboa. Kofia ya yule kijana na mshale wa yule mpagazi vimeachana kwa zaidi ya miaka mia moja na ishirini, lakini sheria ni moja. Ndipo nilipoona kwamba jambo hili tunalolidhani kuwa ni la watalii, yaani kundi la watu kutembea na mizigo yao nyuma ya mwongozaji, kupiga kambi, kulala na kuamka kuendelea, halikuletwa kwetu na watalii. Lina asili yake hapa hapa. Nami katika makala hii nitajaribu kuieleza asili hiyo, hasa kwa kumtazama yule anayetangulia.

Kiongozi huyo katika misafara ya bara aliitwa kirangozi, neno ambalo ni ndugu wa hili letu la kiongozi. Katika misafara ya Wanyamwezi hakuwa mtumishi wa tajiri mwenye mali. Aghalabu alichaguliwa na wapagazi wenyewe kwa sababu aliijua njia, alijua lugha za watu wa njiani, na alikuwa na heshima ya umri au ya dawa. Naye alibeba mzigo kama wenzake, ingawa mara nyingi ulikuwa mwepesi kidogo. Asubuhi hakuna aliyeinua mzigo wake kabla yake. Ngoma ililia au baragumu ya pembe ikapigwa, kirangozi akatoka mbele na bendera, na watu wakamfuata mmoja mmoja kwa safu ndefu, kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba kiasi cha unyayo. Burton amemweleza amevaa joho jekundu na ngozi ya mbega yenye nywele ndefu nyeusi na nyeupe, na kichwani manyoya ya ndege. Wageni wengi waliyaona mavazi hayo wakacheka, wakidhani ni majivuno matupu. Lakini fikiria safu ya watu mia tatu au zaidi katika majani marefu kuliko mtu. Wa katikati hamwoni wa mbele. Kitambaa chekundu na manyoya yanayopepea ndiyo alama inayomwambia kila mtu kwamba njia ni hii.

Alama nyingine aliziacha ardhini. Mahali njia zilipoachana, kirangozi alilaza tawi la mti juu ya ile isiyofaa, au alichora mstari kwa mguu au kwa mpini wa mkuki, ili aliyechelewa nyuma kwa sababu ya ugonjwa au mguu mbovu asipotee. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi msituni hawezi kufanya jambo la maana kuliko hili, na halihitaji dira wala fedha.

Msafara ulikuwa na utaratibu wake wa kazi na wa chakula. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu yake alikuwa na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Nguo zilifungwa robota refu lililokaa begani; masango ya shaba nyeupe na nyekundu yalitungikwa katika ncha mbili za mti, mfano wa mzega wa maji; pembe za ndovu zilizo kubwa walipewa watu wenye nguvu, nao walijivunia kazi hiyo na kutembea karibu na mbele. Ujira ulilipwa kwa nguo, hasa merikani na kaniki, na posho ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Wapagazi walijigawa katika vikundi vya kula pamoja. Mmoja alitafuta kuni, mmoja maji, mmoja alipika, na wengine walikata miti na miiba ya kuzungushia kambi. Wanyamwezi wengi walifuatana na wake zao, nao wakawa na kazi yao nzito ya mapishi ambayo vitabu vimeitaja kwa mstari mmoja tu. Kambi za njia kuu zilijulikana. Msafara mmoja uliondoka, na mwingine ukaja ukalala katika vibanda vile vile vya majani, ukatengeneza palipobomoka.

Mwendo wenyewe ulikuwa na hesabu. Walitoka alfajiri, wakatembea mpaka jua linapokuwa kali, wakapumzika. Lakini kulikuwa na nchi zisizo na maji, kama ile iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi waliyoiita Mgunda Mkali. Huko walifanya terekeza. Walikaa majini mpaka adhuhuri, wakapika, wakanywa na kujaza vibuyu; wakaondoka jua likianza kushuka, wakatembea mpaka giza, wakalala pakavu bila kupika; na alfajiri wakaendelea mpaka maji ya pili. Kwa njia hiyo walikata masafa ya siku mbili kwa kiu ya usiku mmoja. Mtu aliyebuni jambo hili hatujui jina lake, wala hakuandikiwa sifa na chama chochote cha jiografia.

Yafaa niseme hapa jambo moja, nisije nikadhaniwa kuwa naisifu njia ya misafara pasipo kipimo. Njia hiyo hiyo ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo. Pembe nyingine zilibebwa na watu ambao wao wenyewe walikuwa bidhaa. Katika Ugogo hongo iligombaniwa wiki nzima, na mahali pengine misafara ilipora vijiji. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi aliyejipangisha kwa hiari, akala mkataba wa nguo zake, akamchagua kirangozi wake, na akatua mzigo akagoma alipoona amedhulumiwa, huyo hakuwa mtumwa. Na kumchanganya na mtumwa, kama vitabu vingi vya zamani vilivyofanya, ni kumnyima kazi yake. Kwa vijana wa Unyamwezi safari ya pwani ilikuwa shule. Ambaye hajaenda alihesabiwa kuwa hajakomaa. Tangu utotoni walijizoeza kubeba vipande vidogo vya pembe.

Basi wageni walipokuja kutoka Ulaya katikati ya karne ya kumi na tisa, hawakukuta pori lisilo na njia. Walikuta chombo kilichokwisha undwa, wakapanda. Mjerumani Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyekuwa amezoea kupeleka misafara Uchagani. Rebmann aliona theluji. Bwana Kheri alijua njia ya kumfikisha mahali pa kuiona. Jina la kwanza limo katika kila kitabu cha jiografia cha shule, na la pili nimelikuta mara chache mno katika madaftari ya wanafunzi wangu.

Sidi Mubarak Bombay habari zake zinajulikana kidogo zaidi. Alizaliwa Uyao, akakamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa Bara Hindi, na alipofariki bwana wake alipata uhuru akarudi Unguja. Mwaka 1857 aliingia katika msafara wa Burton na Speke. Kuanzia 1860 mpaka 1863 alikuwa na Speke na Grant, wakapita Buganda na kuufuata mto Nile mpaka Misri. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley katika safari iliyofika Ujiji kwa Livingstone. Na kuanzia 1873 alikuwa na Cameron, wakaondoka Bagamoyo na kutokea pwani ya Angola mwaka 1875. Yaani kabla hajafa mwaka 1885, mtu huyu alikuwa ametembea kutoka bahari ya mashariki hadi ya magharibi na kutoka Unguja hadi Misri. Chama cha jiografia cha Uingereza kilimpa nishani ya fedha, na baadaye pensheni ndogo. Hata hivyo, waliowahi kuwa mabwana zake walimwandika mara mwaminifu, mara mlevi, mara mkaidi, kama vile mtu anavyoandika juu ya punda wake. Naamini kwamba mkaidi huyo mara nyingi alikuwa amesimama kati ya mzungu mwenye haraka na wapagazi wenye njaa, akijaribu kuwazuia wote wawili wasiuvunje msafara.

Lakini kama mwalimu akiniuliza ni kisa gani kimoja awasomee wanafunzi, nitamwambia ni kile cha Chuma na Susi. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kimo Zambia. Wazungu wengine katika msafara hawakuwapo. Watu wake walikaa shauri. Wangaliweza kumzika, wakagawana mali na kutawanyika, na hakuna ambaye angewauliza. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga katika gome la mti na nguo ukawa kama mzigo wa kawaida, wakawachagua Abdullah Susi na James Chuma wawe viongozi, wakaondoka. Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya misheni huko Nassik, Bara Hindi, alikuwa mwandishi wao. Halima alikuwa mpishi. Njiani baadhi yao walikufa kwa maradhi. Katika nchi ambako kupita na maiti kulikuwa ni kutafuta vita, walifanya hila ya kutengeneza mzigo wa uongo, wakaurudisha nyuma kana kwamba wameghairi wanakwenda kuuzika, huku mwili ukiendelea mbele katika umbo la robota la nguo. Walipofika Kwihara, karibu na Tabora, walimkuta Cameron, naye akawashauri wauzike mwili papo hapo. Walikataa. Waliingia Bagamoyo mwezi Februari 1874, baada ya miezi tisa.

Tuangalie maana ya jambo hili. Msafara uliofanya kazi hiyo haukuwa na Mzungu hata mmoja wa kuuongoza, na ndio uliotimiza lengo lake kwa utaratibu kuliko mingi iliyokuwa nao. Posho iligawanywa, wagonjwa walingojewa, hongo ilizungumzwa, kambi zilipigwa. Hayo yote yalikuwa ni elimu ya kirangozi. Kisha mwili ulitwaliwa ukapelekwa kwa meli, na Livingstone akazikwa Westminster, London, tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alihudhuria. Chuma na Susi walifikishwa Uingereza baada ya mazishi kwisha. Nishani zilitengenezwa kwa ajili ya wapagazi, lakini zilipokuwa tayari wengi wao walikuwa wamekwisha tawanyika, wamerudi katika kazi yao, wako njiani na mizigo ya watu wengine. Chuma mwenyewe mwaka 1879 alikuwa tena kiongozi wa msafara, safari hii wa Joseph Thomson kuelekea maziwa ya Nyasa na Tanganyika, na alifariki mwaka 1882.

Waswahili wenyewe hawakunyamaza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliandika juu ya desturi za safari za bara, na Selemani bin Mwenye Chande akasimulia safari yake mwenyewe. Habari hizo zilichapishwa Ujerumani na Carl Velten katika mwaka 1901 na 1903. Katika maandishi hayo hakuna ugunduzi. Kuna deni, njaa, bei, wenyeji wakarimu na wenyeji wakali, na mtu anayetafuta riziki akarudi au asirudi. Nashangaa kwamba shule zetu zinaweza kumaliza miaka minne zikiisoma misafara pasipo kufungua hata kurasa chache za Waswahili hawa.

Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, msafara mkubwa wa biashara ulikufa. Upagazi haukufa, uligeuzwa kuwa adhabu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Wajerumani na Waingereza waliwatia nguvuni watu wa nchi hii na za jirani kubeba risasi na chakula cha majeshi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi wa Kiingereza, na anayenunua viazi hapo leo anatamka jina la makaburi. Hapo hapakuwa na kirangozi aliyechaguliwa wala mshale wa kukombolewa. Palikuwa na kamba na kiboko.

Desturi ya zamani ilisalia mlimani. Hans Meyer, Mjerumani, alifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Alikuwa amekwisha jaribu mwaka 1887 akashindwa. Safari hii alifaulu kwa sababu ya mpango wa kambi. Kambi kuu ilikuwa Marangu kwa Mangi Mareale. Kambi ya pili juu ya msitu. Na ya tatu kwenye uwanda wa baridi, zaidi ya mita 4,000. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula na kuni kutoka chini. Wazungu wawili waliposhindwa siku ya kwanza walikuwa na mahali pa kurudi na chakula cha kula, ndiyo maana waliweza kujaribu mara ya pili. Katika kambi ile ya juu alikaa Mwinyi Amani, mtu wa Pangani aliyezaliwa kando ya bahari yenye joto, akilinda hema na kupika katika baridi inayogandisha maji, wakati wengine wote walipokuwa wamekwisha shushwa. Meyer amemsifu katika kitabu chake. Kilele akakiita kwa jina la mfalme wake wa Ujerumani.

Mwaka 1989, ilipoadhimishwa miaka mia moja ya tukio hilo, taifa lilimheshimu Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyewaongoza wageni mlimani kwa miaka mingi sana, na ambaye watu wa kwao wanamtaja kuwa alikuwamo katika safari ya Meyer. Meyer hakumtaja kwa jina, na wanahistoria wamebishana. Ubishi wenyewe unaonyesha mengi. Ingekuwa orodha ya wapagazi imeandikwa kwa uangalifu ule ule ulioandikiwa vipimo vya hewa na majina ya majani, lisingebaki la kubishania.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru na bendera ya taifa juu ya kilele hicho, na mita zile 5,895 zikaitwa Uhuru. Baadaye na vibanda vya njiani vilibadilishwa majina. Kilichoitwa kwa jina la Bismarck kikawa Mandara, na kilichoitwa kwa jina la Carl Peters kikawa Horombo, kwa kuwakumbuka Wamangi wawili wa Uchagani. Hifadhi ya taifa ilitangazwa mwaka 1973. Siku hizi kanuni ya hifadhi ni kwamba mpagazi asibebeshwe zaidi ya kilo 20 za mzigo wa mgeni, nao hupimwa kwenye mizani langoni. Kanuni hiyo ni nzuri kuliko frasila mbili za zamani, ingawa mizani haipimi ujira wala viatu, na ubishi juu ya hayo mawili haujaisha. Apandaye mpaka kileleni hupewa cheti. Jina lake huandikwa katikati kwa herufi kubwa. Mwongozaji hutia sahihi chini. Mpagazi hayumo.

Usiku ule Mandara, wanafunzi walipokuwa wakiota moto wa jikoni pamoja na wapagazi, nilimweleza yule mzee habari ya mshale wa Burton. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza kama aliwahi kuisoma mahali. Akasema, "Hapana, mwalimu. Aliyenifundisha kazi alinivua kofia mimi." Na huyo alifundishwa na nani? Alimtaja mtu mwingine wa Marangu, na huyo naye wa kabla yake, wote kwa majina na kwa ukoo, na aliye mbali kabisa alikuwa amepanda na Wajerumani kabla ya ile vita ya 1914. Wanafunzi wawili walitoa madaftari wakaanza kuandika. Yule mwenye miguu miepesi alimwomba arudie majina polepole, kwa kuwa hakuwa na hakika ya herufi zake.

Siku ya pili tulishuka kwa utaratibu ule ule, mzee mbele, msaidizi nyuma. Kwenye kila kijito alisimama akatuhesabu. Tulipofika langoni alituhesabu tena, mara mbili, pamoja na wapagazi, ndipo akaturuhusu tutue mizigo.